Nyumba Aliyoizindua Bibi

Nyuma ya mashine za kukoboa mpunga pale mjini Ifakara kuna malundo ya pumba marefu kuliko milima ya Udzungwa, na mtu akitaka kunibishia nitampa rula akapime mwenyewe. Kwa nje lundo lina rangi ya dhahabu, kwa ndani limeshakuwa jeusi, na moshi wake unatoka mwembamba, kama wa sigara ya mzee anayebana matumizi. Linaweza kuungua wiki nzima bila kuonyesha hata ulimi mmoja wa moto. Watu hupita wakiziba pua na kuendelea na safari zao. Mimi, harufu ile hunishika shati.

Mwezi uliopita nilipita hapo nikitoka kumzika mama yangu. Nilikuwa nyuma ya pikipiki, nikamwambia kijana asimame. Akageuka na wasiwasi.

"Mama, unataka kutapika?"

"Sitapiki. Subiri kidogo tu."

Akasubiri. Nikashuka nikasimama kando ya barabara, mwanamke mzima, nina cheti changu cha kidato cha nne nilichokitafuta jioni kwa jioni mpaka miguu ikaota sugu, na pale pale nikarudi kuwa mtoto wa miaka tisa mwenye udongo mpaka kwenye nyusi.

Mama aliijenga nyumba yake mwenyewe. Nikisema mwenyewe, simaanishi alisimama pembeni akimwelekeza fundi kwa kidole. Baba alikuwa amekwenda Kidatu kukata miwa, na nadhani bado anakata, maana mpaka leo hajarudi. Sisi wawili tulikuwa tunaishi kwenye chumba cha kupanga, na Mama alikuwa ameapa kwamba atakufa chini ya bati lake. Alifyatua tofali kwa mikono yake, akazichoma kwa pumba kama watu wote wa bondeni wanavyochoma, akazipanga mstari kwa mstari. Mstari ukipinda aliubomoa. Fundi mmoja mzee alimsaidia kusimamisha paa, basi. Vingine vyote ni viganja vya Mama.

Ilikuwa nyumba ndogo. Wenzangu mliokulia kwenye nyumba zenye sebule, msijaribu hata kuiwaza. Ukiingia kwa haraka ulijikuta umegonga ukuta wa nyuma. Ukipiga chafya ndani, jirani ndiye aliyefuta pua. Chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha moja lenye kifuniko cha mbao, ukubwa wake kama sinia la ubwabwa. Lakini kwangu mimi ilikuwa ikulu, na nilikuwa nimeshawaambia watoto wote darasani kwamba tunahamia kwenye jengo.

Kuta na bati ni sehemu ya kujionyesha. Nyumba yenyewe ni ndani. Mwaka ule kazi ya ndani tuliifanya Mama na mimi, kila nikitoka shule na yeye akitoka kuuza vitumbua. Tulichimba udongo wa kichuguu, ule mwekundu unaong'ang'ania kama gundi, tukaumwaga sakafuni, tukaunyunyizia maji, tukaushindilia kwa kipande cha gogo mpaka mabega yakaomba talaka. Kisha tukapaka kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu. Ng'ombe wenyewe walikuwa wa Wasukuma waliokuwa wakipitisha mifugo yao kuelekea mtoni, na mimi ndiye niliyetumwa na ndoo kufuata nyuma. Nimefuata mikia ya ng'ombe wengi kuliko daktari wa mifugo. Kuta tukazikandika kwa udongo uliochanganywa na pumba ili usipasuke. Mama alipitisha kiganja, mimi nikapitisha changu pembeni ya chake, na ukutani zikabaki nusu duara kubwa na ndogo zikifuatana kama kuku na kifaranga. Harufu ya udongo mbichi ndani ya chumba kilichofungwa, mimi sijapata bado manukato ya kuishinda.

Kitanda kilitengenezwa kwa mabanzi ya mtiki. Rafu ilikuwa ubao mmoja juu ya misumari miwili. Dari hatukuwa nalo. Mama alisema dari litakuja mwakani, kwa sasa tutazame bati, bati nalo lina uzuri wake.

Tatizo likawa muda. Mavuno yalikuwa yameanza, na mwenye nyumba tuliyopanga alitaka chumba chake aweke magunia ya mpunga. Akatupa mpaka Jumapili. Sakafu ilikuwa bado mbichi, ukiikanyaga unaacha alama ya dole gumba. Ilikuwa miezi ile ya baridi, jua lenyewe linatoka kama limelazimishwa, na udongo haukuwa na haraka ya kukauka kwa ajili yetu.

Mama akafanya wanavyofanya watu wa tofali. Akachukua debe kuukuu, akalitoboa ubavuni, akalijaza pumba, akaliwasha na kuliweka katikati ya chumba. Mchana mlango ukiwa wazi, pumba zikifuka polepole, sakafu ikaanza kubadilika rangi. Moshi wa mwanzo ulikuwa mkali, lakini baadaye ulipungua, ukabaki ujoto tu. Unaweka mkono juu ya debe, unahisi kama unashika mgongo wa mtoto mwenye homa.

Sasa wiki ileile walikuja wageni shuleni kwetu kutufundisha habari za mbu. Mtu wa Ifakara amezoea; kwetu mbu ameulizwa habari zake kuliko diwani. Walibandika picha ya nyumba ubaoni, wakaweka kidole pale juu, kwenye mwanya unaobaki kati ya ukuta na bati. Wakasema mbu wengi huingia hapo usiku watu wamelala, kwa hiyo pawekwe wavu. Mimi nilisikiliza kwa masikio yote mawili, na kama ningekuwa na la tatu ningelitumia. Wavu hatukuwa nao, lakini udongo tulikuwa nao, tena ndoo mbili zimebaki.

Siku ya Jumamosi Mama alikwenda stendi kumpokea Bibi, mama yake mzazi, aliyekuwa akishuka kutoka Mahenge. Nikabaki peke yangu. Nikapandisha kinu juu ya kitanda, nikakigeuza matako juu, nikasimama juu yake na ndoo ya udongo, nikaanza kuziba. Nilizunguka nyumba nzima. Kila tundu lililoonyesha mwanga nililijaza udongo na vipande vya kiroba, nikalainisha kwa kiganja mpaka hata sisimizi angeomba njia. Nilipomaliza nikafunga dirisha nikatazama juu. Giza tupu. Siku ile nilijiona nimeukomesha ugonjwa wa malaria Tanzania nzima, na nadhani hata Msumbiji walipata nafuu kidogo.

Bibi aliingia akiwa ameinama, na kabla hata sijamwamkia akainua macho.

"Hii kazi ya nani huko juu?"

"Shikamoo, Bibi. Yangu."

"Marahaba. Basi huyu ndiye fundi. Mama yako angeacha nyoka wapite huko kama njia ya sokoni."

Mama naye akatazama, akacheka mpaka akashika mlango. "Fundi, umeziba mpaka dhambi zetu haziwezi kutoka."

Waliona wote. Hilo ndilo ninalotaka mlikumbuke. Watu wazima wawili walitazama juu, wakaona, wakasifu.

Bibi alikuwa amekuja kwa jambo moja. Kwao alikolelewa, nyumba mpya hulalwa kwanza na aliyemzaa mwenye nyumba, peke yake, ndipo wengine wanaingia. Padre angekuja kubariki Jumapili baada ya misa, hilo Bibi hakulikataa, lakini usiku wa kwanza ulikuwa wake.

Mama alisema, "Mama, sakafu ina unyevu. Subiri hata siku mbili."

"Nimeshuka mlima na magoti haya nije nisubiri? Nitandikie."

"Basi nitoe hili debe."

"Liache hapohapo. Mimi nimelala na moto tangu nizaliwe, usiniletee mambo ya mjini. Linanikausha magoti."

Na ni kweli, kule kwao kila nyumba ya kizee ina moto wake katikati. Ila paa la kule ni nyasi, na nyasi hupumua. Hayo nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba Bibi amelipenda debe letu. Alijifunika shuka, akamwomba Mama afunge dirisha kwa sababu ya baridi. Tulipotoka nje na kuvuta mlango, tulimsikia akisukumia kanga kwenye uwazi wa chini, upepo usimguse miguu. Sisi wawili tukarudi kulala usiku wetu wa mwisho kwenye chumba cha kupanga, juu ya mkeka, maana vitu vyote tulikuwa tumeshafunga.

Asubuhi tulikuja na godoro. Mama amelibeba kichwani, mimi nimebeba masufuria nikiyagonganisha makusudi ili mtaa mzima ujue nani anahama.

"Hodi humo ndani! Mama, kumekucha, tumekuja kukutoa!"

Kimya. Mama akasukuma mlango, ukakwama kwenye ile kanga, akausukuma kwa bega. Joto likatoka, joto zito, kama mdomo wa mtu ulio karibu na uso wako. Bibi alikuwa amelala ubavu, kiganja chini ya shavu, midomo yake ina wekundu kama wa msichana. Mama alimwita mara tatu. Akamgusa. Kisha akatoka nje akiyumba, akakaa chini kwenye mchanga, akashika kichwa kwa mikono miwili. Sikumsikia akilia. Alikuwa anatazama juu, kwenye ukingo wa bati.

Halafu akainuka na kufanya jambo ambalo lilinichoma moyo miaka mingi. Alichukua jembe, akarudi ndani, akapanda juu ya kitanda, mguu mmoja huku na mmoja huku wa mama yake, akaanza kuubomoa udongo wangu. Wote. Mabonge yaliangukia shuka la Bibi, naye akayafuta kwa kiganja na kuendelea. Alizunguka chumba kizima hadi mwanga ukaingia tena pande zote nne. Akalitoa debe, akalimwaga chooni, akafagia. Mimi nilisimama mlangoni nalia. Nawaambieni ukweli ingawa unaniaibisha: sikuwa namlilia Bibi. Nilikuwa naililia kazi yangu.

"Mama, si ulisema ni nzuri?"

Akanishika taya kwa vidole vyenye udongo. "Sikiliza. Wewe hujapanda popote. Hujaziba kitu. Mtu yeyote akikuuliza, hujui. Umesikia?"

"Ndiyo."

"Sema tena."

"Sijaziba kitu."

Ndipo akaenda nje, akapiga yowe la msiba, na majirani wakaanza kuja.

Katika akili yangu ya miaka tisa nilielewa hivi: kazi yangu ilikuwa mbovu, wageni wa msiba wanakuja, na Mama hataki watu waone alivyomwachia mtoto achafue nyumba. Niliona aibu mpaka nikajificha nyuma ya choo mpaka mchana. Tangu siku ile Mama hakuniruhusu kugusa udongo tena. Hata kumwagia maji sakafu alifanya mwenyewe. Nikajua basi, mimi ni mtoto nisiye na mikono.

Mjomba, mdogo wake Mama, alivuka kwa kivuko kutoka Lupiro akafika jioni. Alikuwa kijana mwenye nguvu, na Bibi alikuwa roho yake. Alikaa kimya hadi siku ya pili baada ya mazishi, wakati wanaukoo walipokaa kikao mbele ya ile nyumba. Mimi nilikuwa nimejibanza kwenye sketi ya Mama.

"Dada, nina swali," akasema. "Nyumba ni yako. Kwa nini hukulala wewe?"

"Yeye mwenyewe ndiye aliyesema alale kwanza. Unamjua."

"Na mtoto?"

"Alisema alale peke yake."

"Peke yake. Mzee aliyeshuka stendi kwa miguu yake, haumwi, asubuhi amekufa na midomo ina wekundu wa damu." Akainuka, akaingia ndani, akatoka na bonge la udongo mkononi. "Na hii je? Ukuta mpya umebomolewa juu, pande zote. Ulikuwa umeficha nini mle ndani, dada? Umetoa nini kabla hujatuita?"

Watu wote wakamgeukia Mama. Nilimhisi anavyopumua. Mkono wake ulikuwa begani kwangu, ukanibana mpaka nikataka kupiga kelele.

"Sikutoa kitu," akasema.

"Basi nani amebomoa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Mama hakujibu. Aliulizwa na shangazi yake, akaulizwa na mzee wa ukoo kwa upole, akaulizwa tena na Mjomba kwa machozi. Alitazama chini. Na kimya kile ndicho kilichomhukumu. Mjomba aliliponda lile bonge mbele ya miguu yake akasema, "Umemtoa mama yetu kafara ili nyumba yako isimame. Basi kaa nayo." Wakaondoka wote, na tuliosalia tulikuwa wawili na godoro.

Tulihamia hivyo. Padre alibariki, lakini maji ya baraka hayakufika midomoni mwa watu. Vitumbua vya Mama mtaani havikununuliwa tena. Alibeba beseni mpaka Kibaoni, ambako hawakumjua. Shuleni niliitwa mtoto wa nyumba ya kafara, na mimi nilipigana, jamani, nimepiga watoto wote wa bonde la Kilombero, wa huku na wa ng'ambo ya mto, nikapigwa na waliobaki. Kila sikukuu Mama alituma salamu na mchele Lupiro kwa mtu aliyekuwa akienda. Kila sikukuu mchele ulirudi.

Nikakua, nikaacha shule, nikazaa, nikauza vitumbua mimi pia. Nilipofika umri wa kuitwa mama na vijana wa bodaboda nikaamua kurudi darasani, masomo ya jioni. Darasa letu lilikuwa na kila aina ya kiumbe: mlinzi, mshona viatu, dereva wa bodaboda aliyelala kuanzia kipindi cha kwanza. Siku moja mwalimu wa sayansi akafundisha juu ya hewa inayotoka kwenye mkaa na takataka zinazoungua bila hewa ya kutosha. Akaiita kaboni monoksidi.

"Haina rangi, haina harufu," akasema. "Unaweza kukaa nayo chumbani usijue ipo."

Dereva wa bodaboda akaamka. "Mwalimu, hiyo ni hewa au ni mkwe?"

Tukacheka sote, mimi nikiongoza. Mwalimu akacheka pia, kisha akaendelea. Akasema mtu hakohoi, halii, analala tu asiamke. Akasema chumba kinachofungwa kila tundu ndicho kinachoua. Akasema maiti yake mara nyingine ina wekundu midomoni, na watu wasiojua hutafuta mchawi.

Mimi ni mtu wa maneno, nilipewa mdomo wa watu sita. Siku ile nilitoka darasani bila kumuaga mtu.

Mama alikuwa amekaa kwenye sakafu yetu, anachambua mchele kwenye ungo.

"Umewahi leo," akasema. "Wamekufundisha nini? Juzi ulikuja kuniambia nina seli."

Nikamweleza. Hewa, debe, udongo. Nilikuwa naongea haraka kama naogopa kusikia mwenyewe. Vidole vyake havikusimama, viliendelea kutoa chuya mojamoja.

Nilipomaliza akasema, "Sikujua kama ina jina."

"Mama. Ulijua?"

"Tulipochoma tofali, yule fundi mzee alitufukuza kwenye kibanda cha tanuri. Wewe ulitaka kulala mle kwa ajili ya joto. Akasema tokeni, moto wa pumba unakula pumzi za watu. Nilimsikia kwa masikio yangu. Na bado niliwasha lile debe." Akapuliza ungo. "Asubuhi ile nilipoingia kichwa kilinigonga, miguu ikakataa. Nikatoka nikakaa chini, nikatazama juu, nikayaona mavidole yako yalivyopita. Ndipo nikakumbuka."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Mjomba wako angeuliza nani ameziba. Uliona walivyonitazama mimi, mtu mzima, dada yao wa tumbo moja. Wewe wangekutazamaje? Ungekuwa mtoto aliyemuua bibi yake mpaka unazeeka." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Uliziba wewe, lakini moto niliweka mimi. Nikaona mzigo ubebwe na mwenye shingo."

Nikamwambia kesho asubuhi naenda Lupiro. Akaweka ungo chini.

"Nikiwa hai, huendi. Nimeshazoea hili jina, na sitaki nikuone na wewe ukilizoea. Nikifa, mdomo ni wako."

Nilitii. Sijui kama nilitii kwa heshima au kwa woga, maana kuna usiku niliona heri hivyo, na hilo ndilo linalonichukiza juu yangu. Miaka ikapita. Mama akafia chini ya bati lake kama alivyoapa. Tulituma habari Lupiro mara mbili. Mjomba hakuja.

Basi siku ile ya pikipiki, kutoka kwenye malundo ya pumba sikwenda nyumbani. Nilimwambia kijana aelekee darajani, tukavuka mto, tukaenda moja kwa moja hadi Lupiro. Mjomba nilimkuta nje kwake, amekuwa mzee mdogo mdogo, ananoa mundu kwa ajili ya mavuno.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Umekuja kuniuliza kwa nini sikuja."

"Hapana. Nimekuja kukuambia nani aliziba ule ukuta."

Nikamwambia yote, nimesimama, maana hakunipa kiti. Mbu wa shuleni, kinu juu ya kitanda, debe, kanga ya mlangoni, mwalimu wa jioni. Nilimwambia ni mikono hii. Aliacha kunoa.

"Shule ndiyo imekufundisha maneno haya?"

"Ndiyo, Mjomba. Ila Mama aliyajua kabla ya shule."

"Na kule juu alitoa nini?"

"Udongo wangu. Hakukuwa na kingine."

Kuku walipita kati yetu. Aliponiuliza tena, sauti yake ilikuwa ndogo, si ya mtu yule aliyeponda bonge la udongo mbele ya ukoo mzima.

"Mama aliumia?"

Sikuelewa kwanza. Kisha nikaelewa kwamba miaka yote ile, kila alipofumba macho, alikuwa akimwona mama yake akikabwa na kitu chenye kucha, akiita majina yao bila kusikika.

"Bibi hakuumia. Alisinzia, akaenda zake. Hakuita mtu."

Akajipangusa uso kwa mkono wenye vumbi la jiwe la kunolea. Nikadhani tumemaliza.

"Na dada?"

Mnanijua. Mimi sijawahi kukosa la kuongeza. Ningeweza kumwambia kwamba Mama alikwisha kusahau, kwamba alikufa akitabasamu na jina lake mdomoni. Maneno mazuri yalikuwa yamejaa ulimini, yamejipanga.

"Aliumia, Mjomba," nikasema. "Kila siku. Kwa ajili yangu mimi, na kwa mkono wako wewe."

Alikaa pale, mundu mapajani, ananitazama miguu, mpaka kijana wa pikipiki akaanza kupiga honi barabarani.